Kuhamia mwambao wa Dar na watoto wadogo: mwongozo kamili wa kuchagua kati ya Kigamboni, Bunju–Mapinga na Bagamoyo

Uamuzi wa kuhamia Kigamboni, Bunju au Bagamoyo mara nyingi hufanywa siku ya Jumapili. Barabara iko wazi, upepo wa bahari unapuliza, watoto wanakimbia mchangani, na dalali anasema kiwanja hiki kikiondoka leo hupati kingine kama hiki. Maisha yenyewe yanaanza Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, masika yamepamba moto, mtoto wa awali anavalishwa soksi huku usingizi haujamtoka, na mzazi mmoja yuko kituoni tayari anagombania gari.

Mwongozo huu ni wa wazazi wenye watoto wadogo ambao kazi zao ziko Dar es Salaam na wamechoshwa na kodi, joto na vumbi la katikati ya jiji. Msimamo wangu nautaja mapema: mji wa pwani uchaguliwe kwa kuangalia siku ya mtoto. Anaamka saa ngapi, anarudi saa ngapi, na jioni anamwona mzazi wake kwa muda gani kabla ya kulala. Bei ya kiwanja na umbali wa kwenda ufukweni viangaliwe baada ya hapo.

Hatua ya 1: Iandike siku ya kawaida ya familia

Chukueni karatasi, wewe na mwenzako, mkae mezani. Andikeni saa zisizosogea: geti la shule linafungwa saa ngapi, kila mzazi anatakiwa kazini saa ngapi na anaruhusiwa kutoka saa ngapi. Halafu hesabuni kurudi nyuma.

Tuseme mama anafanya kazi Posta na anatakiwa awe ameingia saa 2:00 asubuhi. Akikaa mahali ambapo safari inakula saa mbili nzima, anatoka nyumbani saa 12:00, na mtoto wa miaka mitatu bado amelala. Jioni anatoka saa 11:00, njia inakula saa mbili na nusu, anaingia ndani saa 1:30 usiku. Mtoto amekwisha kula, ameoga, anasinzia kwenye kochi. Ndivyo zitakavyokwenda siku tano za kila wiki. Nani anampeleka shule? Nani anampokea? Akipata homa saa nne asubuhi, shule inampigia nani, na huyo anayepigiwa anafika baada ya muda gani? Familia nyingi zinamtegemea dada wa kazi. Kama kuna bibi aliye tayari kuja kukaa nanyi, ni bahati kubwa. Jibu lolote mlilo nalo liandikeni sasa, kabla hamjaanza kuangalia nyumba.

Kazi za wazazi wote wawili ziwekwe kwenye hesabu. Nimeona familia zikihamia upande unaomfaa mwenye gari, na yule anayepanda daladala akabaki kubeba mzigo wa uamuzi huo kila siku.

Hatua ya 2: Ijue njia, maana ndiyo itakayokuamulia

Kwenye mwambao huu kilomita hazikuambii mengi. Kuna upande wa kuvuka maji na kuna upande wa Barabara ya Bagamoyo, na kila upande una tabia zake.

*Kigamboni.* Ukiwa Magogoni unaiona kwa macho, ng'ambo ya mlango wa bandari. Njia kuu za kufika ni mbili. Ya kwanza ni kivuko, au pantoni kama wengi wanavyoita: vivuko kama MV Kigamboni na MV Kazi, vilivyo chini ya TEMESA, wakala wa Serikali unaoendesha vivuko, pamoja na boti za abiria za Azam zilizoongezwa mwaka 2025. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Muda unaliwa na kusubiri. Kivuko kimoja kikiwa kwenye matengenezo, watu wote wanabanana kwenye vilivyobaki, na saa kumi na moja na nusu jioni pale Magogoni unakuta umati umesimama bega kwa bega ukisubiri geti lifunguliwe. Mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi auone umati huo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016 kati ya Kurasini na Kigamboni, lenye urefu wa mita 680. Magari yanalipa tozo. Mwaka 2022 tozo zilipunguzwa na ukawekwa utaratibu wa kulipia kwa siku, wiki au mwezi, kwa hiyo anayevuka kila siku afanye hesabu ya mwezi mzima badala ya kuangalia bei ya safari moja. Ukishatoka darajani unaingia Kurasini, ambako unagawana barabara na malori ya bandari.

Kwa hiyo ndani ya Kigamboni yenyewe, chagua mtaa kwa kuangalia utavukia wapi. Anayefanya kazi Posta au Kivukoni, na hana gari, anafaidi akikaa Ferry, Tungi au Mjimwema: anavuka kwa miguu na anaendelea na safari yake upande wa pili. Anayefanya kazi Kurasini, Temeke, Chang'ombe au upande wa uwanja wa ndege anafaidi Vijibweni na Kibada, karibu na daraja. Gezaulole, Kimbiji na Pembamnazi ni pazuri sana na viwanja ni vikubwa, ila unaongeza safari nyingine ndefu kabla hujafika hata kwenye maji. Kabla ya kununua huko, nenda ukaone kwa macho lami ya barabara ya Kibada–Mwasonga–Kimbiji imefika wapi. Usichukue ahadi ya muuzaji kuwa "inakuja".

*Bunju, Mapinga, Kerege.* Hapa hakuna maji ya kuvuka. Kuna barabara moja, ya Bagamoyo, inayobeba kila mtu kutoka Tegeta, Boko, Bunju na kuendelea. Asubuhi wote wanashuka kwenda mjini, jioni wote wanapanda. Kazi ikiwa Mwenge, Mikocheni, Makumbusho, Mbezi Beach au Masaki, upande huu unakufaa kuliko Kigamboni. Kazi ikiwa Kariakoo au Posta, utaipita foleni yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Barabara hii imepangiwa njia za mwendokasi, awamu ya nne. Zikikamilika zitaisaidia Tegeta, lakini wewe wa Mapinga utaendelea kuhitaji usafiri wa kukufikisha Tegeta. Na ujenzi wa aina hiyo unabana barabara, kwa hiyo panga maisha yako kwa barabara ilivyo leo.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: Mto Mpiji, kati ya Bunju na Mapinga, ndio mpaka wa mikoa. Bunju iko Manispaa ya Kinondoni. Ukivuka tu daraja uko Mkoa wa Pwani, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo. Kibali cha ujenzi, ofisi ya ardhi, uandikishaji wa shule na hospitali ya wilaya vyote vinabadilika. Viwanja vya Mapinga na Kerege vinauzwa nafuu kwa sababu ya umbali na mpaka huo, na kwa mtu ambaye shughuli zake nyingi ziko upande wa Tegeta, nafuu hiyo ina maana.

*Bagamoyo mjini.* Kama kilomita 65 kutoka katikati ya Dar. Mji wa kale, una soko la samaki, chuo cha sanaa cha TaSUBa, hospitali ya wilaya, na mitaa ambayo mtoto anaweza kutumwa dukani bila mama kushika roho mkononi. Naupenda mji huu na ninausema hivi kwa uzito: usihamie Bagamoyo kama unatakiwa Posta kila siku ya kazi saa mbili asubuhi. Uhamie kama mzazi mmoja anafanya kazi hukohuko, au kama unakwenda Dar mara mbili tatu kwa wiki, au shughuli yako inakuruhusu kufika mjini saa nne wakati foleni imekatika. Kwa familia ya namna hiyo, sioni mahali pengine kwenye mwambao huu pa kulelea watoto palipo pazuri zaidi.

Hatua ya 3: Safiri siku ya kazi, kwa usafiri utakaoutumia

Lala huko usiku mmoja, kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni, halafu amka uende kazini kana kwamba umeshahamia. Siku nzuri ni Jumatatu, na ikiwezekana mwisho wa mwezi, barabara inapokuwa na watu wengi. Usiende na gari la rafiki kama wewe utapanda daladala.

Ukifika kituoni tazama watu wanafanya nini. Vituo vingine abiria wanalazimika kugeuza na gari, yaani kupanda linapokuwa bado linaelekea mwisho wa safari, wanakwenda nalo hadi kituo cha mwisho na kurudi nalo ili wapate siti, na nauli inalipwa mara mbili. Ukiona watu wazima wa mtaa huo wanageuza kila asubuhi, nauli yako ya mwezi ihesabu hivyo. Na muda pia.

Jioni rudia. Jioni ni ngumu zaidi kuliko asubuhi, na ndiyo inayomhusu mtoto. Uliza gari la mwisho linatoka saa ngapi, halafu kutoka kituoni hadi nyumbani ni bajaji, bodaboda au miguu, na je, njia hiyo ina taa? Nyumba iliyo "dakika kumi kutoka lami" kwa mdomo wa dalali inaweza kuwa dakika kumi za bodaboda kwenye mchanga, na kila siku ya mvua bei ya bodaboda inapanda.

Hatua ya 4: Maji, na hapa usiwe na haraka

Familia yenye mtoto mchanga inafua kila siku. Inaosha chupa, inachemsha, inaogesha mara mbili tatu. Hakuna kitu kitakachokutesa mwambaoni kama maji, na hakuna kitu ambacho matangazo ya nyumba yanakificha kwa maneno mawili kama hiki: "maji yapo". Maji gani?

Yapo ya aina tatu. Kuna ya bomba la DAWASA. Upande wa Bagamoyo na Bunju, mtambo wa Ruvu Chini wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku uko hukohuko Bagamoyo, na bomba kuu linashuka kuelekea mjini. Lakini bomba kuu kupita karibu hakumaanishi kwamba mtaa umeunganishwa. Kigamboni kuna visima virefu vya Kisarawe II vilivyozinduliwa Novemba 2022, na tangu hapo mitaa mingi imeendelea kuunganishwa, mingine bado. Halafu kuna kisima cha mwenye nyumba au cha jirani. Na kuna boza, ambalo linajaza simtanki na kumaliza mshahara.

Maji ya kisima mwambaoni yanaweza kuwa baridi na matamu, na nyumba ya tatu kutoka hapo yakawa chumvi kabisa. Kadiri watu wanavyovuta maji mengi chini ya ardhi karibu na bahari, maji ya bahari yanasogea kuziba nafasi. Kwa hiyo kisima kilichokuwa kizuri wakati nyumba zilikuwa chache kinaweza kuharibika mtaa ukijaa.

Kipimo cha haraka unaweza kukifanya ukiwa umesimama pale uani. Omba ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Lowesha mkono, sugua. Maji ya chumvi au magumu hayatoi povu. Sabuni inateleza, inaacha ukungu mweupe, na mkono ukikauka unahisi umekakamaa. Onja kidogo, usimeze. Kisha nenda bafuni utazame koki na chini ya bomba la kuogea: ukiona magamba meupe au ya kijani na kutu imechonga chuma, huna haja ya kuuliza zaidi. Ukiwa na nia ya kununua kiwanja chenye kisima, chukua chupa safi ya maji hayo upeleke maabara ya maji. Ukitaka kuchimba chako, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Usimuulize dalali habari ya maji. Muulize mama anayekaanga vitumbua barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naangalia nyumba hapo nyuma. Maji ya bomba hapa yanatoka siku ngapi?"

Atakwambia yanatoka usiku wa kuamkia Jumanne na Ijumaa, kwamba kule bondeni yanafika na huku juu hayafiki, na kwamba wakati wa kiangazi hata hayo yanakatika. Maelezo ya namna hiyo hutayakuta kwenye tangazo lolote. Na kiangazi ukichukulie kwa uzito: mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka Dar nzima ikaingia kwenye mgao.

Mtaa wenye maji ya mgao unamaanisha kuhifadhi maji kwenye madumu na mapipa, na mapipa yasiyofunikwa yanazaa mbu anayeeneza dengi, ambaye anauma mchana wakati mtoto hayuko ndani ya chandarua. Dar ilipata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2014 na mwingine 2019. Mfuniko wa simtanki na wa kila ndoo uwe jambo la kwanza kununua baada ya kuhamia.

Hatua ya 5: Mvua, bahari na chumvi

Rudi kwenye nyumba au kiwanja ulichokipenda wakati wa mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ardhi ya mwambao huu ni tambarare na sehemu nyingine maji hayana pa kwenda. Yanatuama wiki nzima. Sehemu za Boko na Basihaya zinajulikana kwa hilo. Kama huwezi kusubiri mvua, tazama kuta za majirani: mstari wa rangi ya tope juu ya msingi, rangi iliyobanduka hadi usawa wa goti, matofali yaliyopangwa mlangoni, kizingiti kilichoinuliwa kuliko kawaida. Nyumba zinaeleza zenyewe. Kiwanja cha bondeni chenye majani mabichi katikati ya kiangazi, huku jirani amekaukiwa, kina maji chini yake.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia Mabwepande familia nyingi za Jangwani na bonde la Msimbazi. Walioondoka bondeni walilazimika kuanza upya mbali na kazi na shule za watoto. Anayenunua bondeni leo kwa sababu ya bei ajue kwamba hicho ndicho anachoweza kuwaandalia wanawe.

Kuhusu bahari yenyewe: ufukwe wa Kunduchi umeliwa na mawimbi kwa miongo kadhaa, majengo yakaenda nayo. Kwa mwenye kiwanja cha ufukweni sheria nayo imesema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na mikoko ni hifadhi. Mtu akikuuzia kiwanja "mguu mmoja baharini", anakuuzia matatizo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, safari za boti za baharini zilisitishwa; mwenye nyumba ng'ambo ya maji awe na mpango wa siku kama hizo, hata kama ni kulala kwa ndugu mjini.

Chumvi ya hewani haiogopeshi, inagharimu. Mabati ya kawaida, nondo za madirisha, bawaba, friji na feni vinaliwa mapema. Ukijenga, usikubali fundi atumie mchanga wa ufukweni kwenye zege, na nondo zifunikwe vizuri. Ukipanga, gusa grili za dirisha upande unaotazama bahari. Zikibanduka magamba mkononi, muulize mwenye nyumba ni lini alibadilisha paa.

Hatua ya 6: Shule na hospitali

Shule ya mtoto mdogo iwe karibu na nyumbani, isiwe karibu na kazi. Najua wazazi wanaopeleka mtoto shule nzuri ya mjini kwa sababu wanashuka naye, na mtoto huyo anaamka usiku na kulala kwenye gari. Basi la shule nalo linaweza kuwa na mzunguko mrefu. Uliza mtoto wa kwanza anachukuliwa saa ngapi, maana wanaokaa mbali ndio wanaoanza kuchukuliwa.

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, na kwa sababu hiyo zilifurika. Nenda shuleni mwenyewe, muone mwalimu mkuu, uliza darasa moja lina watoto wangapi na kama wanasoma kwa zamu. Mtoto wa zamu ya mchana anabaki nyumbani asubuhi nzima, na hilo linabadilisha hesabu yako ya hatua ya kwanza. Nenda tena saa ya kutoka, simama nje ya geti: watoto wanavukaje barabara? Barabara ya Bagamoyo ina magari yaendayo kasi na kuvusha mtoto wa miaka saba hapo si mchezo. Mimi ningekataa nyumba nzuri kwa sababu hiyo peke yake.

Hospitali: tafuta kwanza zahanati ya kliniki ya mtoto, ya kupima uzito na chanjo, maana surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 haitasubiri mmalize kuhama. Halafu jiulize swali la usiku wa manane. Mama ana ujauzito, uchungu umeanza saa nane usiku, gari linatoka wapi na mnaelekea wapi? Kigamboni kuna hospitali ya wilaya na Bagamoyo iko yake, lakini rufaa ya Muhimbili kutoka ng'ambo kwa kawaida inapita darajani au kivukoni. Kuwa na namba za madereva wawili wa mtaani unaowajua kwa sura, si mmoja. Kama mna bima, hakikisheni kituo hicho kinaipokea. Msiulize mapokezi kwa simu, nendeni na kadi.

Hatua ya 7: Pangeni kwanza

Hata kama fedha ya kununua ipo. Pangeni mtaa huohuo mnaoutaka, mkae hadi masika moja ipite. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa pamoja, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake, kwa hiyo watu wanaona ni fedha inayopotea. Kwa jicho langu ni fedha inayolinda akiba ya miaka. Mkikaa mtaani mtajua nani anauza ardhi ya kurithi bila ndugu kukubaliana, kiwanja gani kina kesi, na barabara gani iliyochorwa kwenye ramani haitafunguliwa.

Kwenye mkataba wa kupanga andikeni mambo mawili yanayoleta ugomvi sana: maji yanalipwaje kama mita ni moja, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU anaibeba nani. Kisheria ni ya mwenye nyumba, ila mnunua umeme ndiye anayekatwa.

Hatua ya 8: Mkinunua

Maneno matatu yanachanganywa makusudi. Eneo *limechorwa*: kuna mchoro wa mipango miji tu. Eneo *limepimwa*: bikoni, yaani alama za mipaka, zipo ardhini na ramani ya upimaji imesajiliwa. Eneo *limemilikishwa*: hati ipo kwa jina la mtu. Muuzaji anayesema "kiwanja kimepimwa" aoneshe namba ya kiwanja na kitalu, na wewe uende ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Uende na mpimaji wako akazitafute bikoni.

Uliza kama eneo limo kwenye mpango wowote wa Serikali. Hili si la kudhani. Mpango wa mji mpya wa Kigamboni uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha watu kwa miaka wakiwa na ardhi wasiyoweza kuiendeleza wala kuiuza kwa uhuru. Upande wa Bagamoyo, eneo maalumu la uwekezaji na bandari iliyopangwa Mbegani vinagusa vijiji vya Zinga na Mlingotini. Mkataba wa bandari na wawekezaji wa China na Oman ulisainiwa 2013, ukasimama 2019, na mipango ikarudi tena baadaye. Kiwanja cha bei poa maeneo hayo kinaweza kuwa tayari kilishalipiwa fidia. Hifadhi ya barabara nayo: kwa Sheria ya Barabara ya 2007, kwenye barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyomo humo huishia kupigwa alama ya X.

Ukiuziwa na mtu mwenye ndoa, mwenzi wake aridhie kwa maandishi na awepo siku ya kusaini. Kwa shamba au eneo la kijiji, mnashughulika na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na halmashauri ya kijiji, si mwenyekiti peke yake nyumbani kwake. Hati iandikwe majina ya wote wawili, mume na mke. Ni jambo dogo siku ya kununua na kubwa sana siku mmoja akitangulia.

Mwisho pima umbali wa nguzo ya umeme. Zaidi ya mita 30 mtahitaji nguzo, na gharama na subira vinaongezeka.

Hatua ya 9: Hameni Desemba

Mwaka wa shule unaanza Januari. Mkihama katikati ya muhula mtoto anaingia darasa ambalo marafiki wameshapatana. Barua ya uhamisho ombeni Novemba, walimu wakuu wakiwa bado ofisini. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwenye shule za serikali huanza miezi ya mwisho wa mwaka, na mtahitaji cheti cha kuzaliwa. Ambaye hana aanze RITA mapema, asingoje foleni ya Januari.

Wiki ya kwanza nendeni kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe, na watoto wawepo. Barua za utambulisho zinatoka hapo, na ulinzi shirikishi unawajua waliojitambulisha. Kadi ya kliniki ipelekeni zahanati mpya hata kama tarehe ya mtoto bado. Wapitisheni watoto njia ya shule kwa miguu kabla shule haijafunguliwa, asubuhi saa ileile watakayokuwa wanatoka, waoneshwe nyumba mbili tatu za kukimbilia mvua ikinyesha au wakipotezana, na wamwamkie mama wa kila nyumba kwa jina.